Casimir Asugua Taa

Mume wangu Casimir alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuona: kila chuma kilichopita mbele ya macho yake, alitaka king'ae. Kazi yake kiwandani Shituru ilikuwa kusimamia watu wa kusafisha mabamba ya shaba yanayotoka kwenye elektrolize, pale shaba inapotakaswa kwa umeme, na kazi hiyo ilikuwa imemwaminisha kwamba hakuna kitu duniani kisichofaidika na kusuguliwa. Vifungo vya koti, sawa. Vijiko, sawa. Msalaba wa marehemu mama yake aliusugua mpaka Yesu akabaki hana pua. Nilimsamehe, na Yesu naye nadhani alimsamehe.

Gari letu lilikuwa Peugeot 404, alilonunua kwa Mbelgiji mmoja aliyefungasha virago kwa haraka. Miaka ile serikali ilikuwa imetuvua majina ya ubatizo, kwa kuwa ni ya Kizungu, na wanaume imewavua tai. Kwenye karatasi Casimir aliitwa raia, pamoja na jina la babu yake ambalo yeye mwenyewe alilisahau akiitwa ofisini. Mtaani kwetu Kikula, ni gari peke yake lililoruhusiwa kubaki na jina lake la Ulaya.

Sasa, Delphine alikuwa anaolewa. Delphine ni mtoto wa marehemu dada yangu, nilimpokea akiwa bado ananyonya, na Mungu hakunipa mwingine. Mchumba wake, Nicolas, alikuwa kijana wa Kambove, mpole, mwenye masikio makubwa. Ukoo wake ulikuja kuniomba mimi niwe marraine, yule mama anayekaa kando ya bibi harusi, anayemfundisha na kumshika mkono siku ile. Nililia kwa furaha, nasema kweli. Nilidhani wamenichagua kwa ajili yangu.

Walichagua gari. Kwetu marraine na mumewe, parrain, ndio wanaombeba bibi harusi, gari lao mbele ya mengine yote, taa zimewashwa mchana kweupe, honi mji mzima. Baba mkubwa wa Nicolas, Papa Georges, alikuwa na Mercedes, na mkewe Gertrude alikuwa na hamu ya nafasi yangu ambayo hata kwenye salamu zake ulikuwa unaisikia. Ukoo ukakubaliana hivi: Ijumaa Georges atakuja kuliangalia gari la Casimir. Likimpendeza, mimi nitakaa na mtoto wangu. Lisipompendeza, atakaa Gertrude. Mambo yalikuwa hayo tu.

Mvua ikanyesha, na taa moja ya mbele ikaingia maji. Ilikuwa bado inawaka, ila mwanga wake ulikuwa umefifia. Jirani yetu Mathieu akasema kwa wema wake kwamba anamjua fundi wa taa, karibu tu na soko.

"Minye?" Casimir akamwuliza, akijigonga kifua. "Minye muntu wa elektrolize, niende kulipa muntu anipanguzie kilauri?"

Alikiondoa kioo cha taa kwa kisu changu cha jikoni. Ndani yake mna kikombe cha chuma kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, ndicho kinachorusha mwanga barabarani. Kikombe kile kilikuwa na ukungu kidogo. Ukungu! Kitambaa kikavu na pumzi ya mdomo vingetosha. Lakini Casimir akaniita nimletee majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kile kitambaa ninachosugulia sufuria.

"Casimir, ile haiko sufuria," nikamwambia.

"Weye ubakie ku jiko yako."

Akasugua. Alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisani, na mng'ao wa kikombe ukaanza kuhamia kwenye kitambaa. Akaniambia ni uchafu unaotoka. Uchafu ukaendelea kutoka mpaka kikombe kikawa cha kijivu, kama kopo la maziwa lililookotwa jalalani. Akarudisha kioo, akawasha. Balbu iliwaka, lakini humo humo ndani, kama ncha ya sigara. Nje mwanga haukutoka hata kidogo. Casimir akaitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Ampoule imechoka," akasema.

Ijumaa wakafika: Georges katika abakosti mpya, lile koti la serikali lisilovaliwa tai, iliyokuwa inamkaba shingo, Gertrude na mkoba wake, na dada mkubwa wa Georges, Mama Bibiane, bibi kizee ambaye ndiye hasa aliyekuwa anatawala ukoo ule. Nilikuwa nimewapikia samaki wa ziwa Tshangalele. Hakuna aliyegusa. Georges alilizunguka gari lote, akapiga teke gurudumu kama mnunuzi, kisha akasema, "Washa mataa, tuone."

Casimir akawasha. Jicho moja lilikuwa zima, jingine la mgonjwa.

Akaitazama taa. Akamtazama Georges. Kisha akanitazama mimi, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Mume unayekula naye kila siku, uongo wake unausikia ukiwa bado uko tumboni.

"Ni bibi yangu," akasema akininyooshea kidole, na akacheka. "Alisugua na majivu ya mbabula. Banamuke, Papa Georges! Beye kila kintu ni sufuria."

Wakacheka. Hata Mathieu aliyekuwa upande wa pili wa ua alicheka, naye alikuwa ameona kila kitu. Gertrude hakucheka, alikuwa na haraka.

"Mama mwenye kuharibisha motokari ya bwana yake," akasema, "atamufundisha mutoto nini?"

Georges akakohoa. "Bon. Basi kesho tutafanya hivi, Gertrude ataingia mu Mercedes na—"

Hapo moyo wangu uliwaka. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Casimir alipounguza kwa pasi kanzu ya padri, nani alikwenda misheni kusema ni mimi? Aliposahau maikrofoni ya watu wa Chama kwenye mvua, nani alisema nilimchelewesha? Wanawake wakubwa walinifundisha kwamba mume hafunuliwi mbele ya watu, na mimi nilimfunika vizuri sana, mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba chini ya blanketi kuna mtu. Na sasa, kwa ajili ya taa, alikuwa anamtoa mtoto wangu mikononi mwangu huku anacheka.

Nikainamisha kichwa, kwa adabu.

"Ni kweli, Papa Georges. Minye sina akili. Mais bwana yangu, yeye njo anajua. Iko na dawa ya ku kazi, ile inang'arishaka shaba. Awaonyeshe ku ile taa ingine, muone vile inafanyiwaka."

Mtu mwingine angeshtuka. Casimir alifurahi. Uso wake ulifunguka wote. Kwa kweli aliamini kwamba kosa lilikuwa la majivu, na kwa kuwa majivu yalikuwa yangu, basi hakuwa amesema uongo mkubwa. Akakimbilia ndani, akarudi na kikopo cha tumbaku chenye dawa ile. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia. Delphine, aliyesimama mlangoni, alinitazama, na mimi nikatazama samaki.

"Unaona, Papa Georges," Casimir akaanza, kioo kikiwa tayari chini na kidole kimejaa dawa. "Mukono haifanye nguvu. Unazungusha. Polepole. Shaba ni sawa na bibi, inapenda upole."

Akazungusha polepole. Mng'ao ukatoka polepole. Akaongeza dawa, akaongeza upole, na kitambaa kikawa cha fedha na kikombe kikawa cha kijivu. Georges mwenyewe ndiye aliyeingiza mkono dirishani akawasha. Sasa yalikuwa macho mawili ya wagonjwa, yanafanana kabisa.

Kisha Mama Bibiane akaanza kutikisika mabega.

"Na hii, ni nani alisugua?" akauliza. "Ni bibi yake tena?"

Walicheka mpaka Georges akafungua kifungo cha shingo, jambo ambalo nadhani alilitamani tangu asubuhi. Mathieu alilazimika kushikilia ua. Casimir alinusa kikopo chake.

"Ile dawa imeharibika," akasema.

Mama Bibiane akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Delphine atapanda mu Mercedes ya Georges," akasema. "Na uyu mama atakaa pembeni yake. Gertrude, nyamaza. Mwanamuke mwenye kuacha mwanaume aseme mupaka amalize, minye njo namupatia mutoto."

Kisha akaomba samaki.

Jumamosi tulitoka kanisani, mimi na Delphine tumekaa nyuma katika Mercedes, Nicolas mbele kando ya dereva. Casimir alikuwa wa mwisho katika msafara, peke yake ndani ya 404. Taa zake zote mbili alikuwa ameziwasha, na kwa kuwa hazikuonekana, alipiga honi kuliko wote. Moyo uliniuma kidogo, siwezi kukataa. Alikuwa amevaa vizuri, na vifungo vyake vilikuwa vinang'aa.

Delphine akaniinamia. "Mama, jana ulijua kama ile taa itaharibika?"

"Nilijua."

"Mais weye njo ulinifundisha kama bwana anafunikwaka."

"Nilimufunika miaka yote," nikamwambia. "Jana alitaka kujifunika na minye."

Akatengeneza shela yake. Mbele yetu masikio yale makubwa yalikuwa yametulia kabisa.

"Nicolas," Delphine akaita.

"Nimesikia," akajibu, bila kugeuza shingo.