Mgonjwa Anayejibu

Tulimwita Profesa, ingawa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kama mimi, tena alikuwa ameshafeli mtihani wa vitendo mara moja. Akifeli tena, chuo basi. Huko kwao mama yake alishawatangazia ndugu wote kwamba binti anarudi na sare nyeupe, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Basi akaanza kujirekebisha mpaka akatuchosha. Video za kwenye simu zilimfundisha kusimama wima, kutabasamu bila kutoa meno yote nje, na kusema "mimi ndiye nitakayekuhudumia" kwa sauti ya mtangazaji. Chumbani kwetu bwenini mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa wake. Nikikohoa, ananikata jicho: mdoli wa maabara tutakayefanyia mtihani hakohoi, tulia. Nami nikatulia, maana kubishana na Profesa ni kujitafutia maradhi ya kweli.

Siku ya mtihani hapakuwa na mdoli. Msimamizi, mwalimu mmoja mkavu asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alitupeleka wodini kwa wagonjwa wenyewe. Kanuni aliitaja mlangoni: anayesubiri zamu akifungua mdomo, mtihani wake umekwisha. Mimi nilikuwa namfuata Profesa. Nilisimama kando ya pazia.

Profesa alianza vizuri mno. Akanawa mikono, akahakikisha jina la mgonjwa, akatabasamu kama alivyofundishwa. Mgonjwa alikuwa bibi mwembamba aliyejifunika shuka mpaka kidevuni. Profesa akamuuliza kama kuna dawa yoyote inayomdhuru.

"Ipo, mwanangu," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Hizo sindano za penisilini. Nilivimba koo, nikakaribia kufa."

"Vizuri sana, bibi," Profesa akasema, akageukia trei na kuanza kuvuta penisilini.

Nilimtazama msimamizi, alikuwa ameinamia karatasi yake, wala sikujua kama amesikia. Nikasubiri Profesa ashtuke mwenyewe. Wapi! Aligonga bomba la sindano kutoa hewa, kwa ustadi wote, kisha akapangusa mkono wa bibi kwa pamba yenye spiriti. Nilimchukia wakati ule, yeye na video zake.

"Amekwambia inamdhuru," nikasema.

Msimamizi alinionyesha mlango bila hata kunitazama, halafu akamgeukia Profesa, aliyekuwa ameduwaa na sindano mkononi.

"Ulimsikia mgonjwa? Au ulikuwa karibu kuiacha hiyo sindano mwenyewe?"

Hapo alikuwa amefunguliwa njia, kazi yake ilikuwa kupita tu. Nami, mguu mmoja nje, nilimwombea apite. Uongo kidogo tu, na mama yake asingeaibika mbele ya ndugu.

"Sikumsikia, mwalimu," Profesa akasema. "Nilikuwa nafikiria sentensi yangu inayofuata."

Msimamizi akaikunja karatasi. "Basi safari yako ya chuo imeishia hapa. Lakini huyu bado ni mgonjwa wako. Muulize tena."

Profesa akaiweka sindano kwenye trei. Akavuta kiti, akakaa karibu na mto, akauliza swali lile lile huku sauti ikimtetemeka. Bibi akaanza kueleza upya, taratibu, na Profesa akamsikiliza mpaka mwisho, machozi yakimdondoka mapajani.