Terabaiti Mbili za Shemeji Chin-fu

Mimi nauza memori kadi. Kaunta yangu ina upana wa mita moja na nusu, iko kwenye mtaa wa maduka ya kamera karibu na Lango la Kaskazini, hapa Taipei, na nimekaa nyuma yake miaka kumi na tisa. Kwa hiyo mtu wa familia yetu akihitaji memori kadi, bila shaka huenda kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Shemeji yangu Liao Chin-fu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Tangu astaafu amekuwa msanii. Alijitangaza mwenyewe, hakutaka kutusumbua. Ana kizibao chenye mifuko kumi na minne. Ana lenzi iliyomgharimu bei ya pikipiki mpya, na anaibeba kifuani kama mtu aliyejifungua jana.

Mwishoni mwa Januari chama chake cha wapiga picha kilipanga safari ya siku saba kwenda Hokkaido, Japani, kupiga picha za korongo wanaocheza kwenye theluji. Chin-fu akaamua kwenda na mama yao. Mama mkwe wangu ana miaka themanini na moja na hakuwahi kukanyaga theluji maishani. Hilo lilikuwa wazo zuri, nakiri. Ndilo pekee.

Siku mbili kabla ya safari walipita dukani kwangu. Mama akakaa kwenye kigoda changu akibangua mbegu za tikiti. Chin-fu akaweka memori kadi juu ya kaunta, taratibu, kama anayeweka almasi.

"Shemeji, hebu ona dunia ilipofika."

Ilikuwa nyeusi na dhahabu, imeandikwa "TB 2" kwa herufi ambazo nusura zipitilize kadi yenyewe.

"Terabaiti mbili. Umenunua wapi?"

"Mtandaoni. Dola mia mbili tisini na tisa."

Hiyo, kwa dola zetu za Taiwan, ni bei ya maboksi matatu ya wali na paja la kuku. Kadi ya kweli ya ukubwa huo ni zaidi ya mara ishirini ya hapo. Nikamwambia.

"Watu elfu nane wameisifu," akasema.

"Hao elfu nane wameijaza?"

"Wameipa nyota tano."

"Nimeuliza kama wameijaza, shemeji. Niachie niipime. Naijaza mafaili ya ovyo ovyo mpaka pomoni, halafu kompyuta inasoma moja moja kuona kama yote yamo. Kubwa kama hii itachukua siku mbili."

"Siku mbili! Ndege ni kesho kutwa."

"Basi chukua hizi za GB 64, nimeshazipima. Chukua nne. Kamera yako ina matundu mawili. Weka moja huku, moja huku, kila picha iandikwe mara mbili. Moja ikikuangusha, nyingine unayo."

Chin-fu akanitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliodhani Mongolia ina bahari.

"Kubadilisha badilisha kadi kwenye baridi ni mambo ya watalii. Mimi naweka moja, nafunga kifuniko, siku saba sifungui. Nyie wauzaji mnajua kuuza, hongereni."

Tundu la pili likabaki tupu, sawa na sehemu fulani ya kichwa chake.

"Na mimi je?" akauliza mama. "Mimi sipigi?"

"Wewe utatazama, mama. Hii ni kazi ya ufundi."

Nikafungua droo, nikatoa kamera yangu ndogo nyekundu ya zamani. Nikatia kadi ya GB 16 niliyoipima kwa mkono wangu, nikamvalisha mama kamba shingoni.

"Mama, ukiona kitu kizuri, bonyeza hapa."

"Hapa tu?"

"Hapo tu."

Akamgeukia mwanawe. "Sasa wewe kwenye hicho chama chako ulikuwa unasomea nini miezi sita?"

Yaliyotokea Hokkaido nimeyapata kwa mama. Anasema Chin-fu alianza kupiga picha kabla taa za Taipei hazijapotea chini yao. Akibonyeza mara moja, kamera inafyatua picha ishirini, ta-ta-ta-ta, kama yuko vitani. Picha zenyewe hakuzitazama hata siku moja. Kwanza kutazama kunamaliza betri. Pili, wamefundishana kwenye chama kwamba msanii hatazami nyuma. Wenzake walikuwa wakirudi hotelini wanamimina picha kwenye kompyuta zao, naye anawasikitikia kwa kukosa imani.

Jumapili waliyorudi tukaitwa nyumbani kwake, ukoo mzima, kuja kuona. Televisheni ilikuwa imepanguswa. Chin-fu akachomeka kadi, akajisafisha koo.

Tukaona uwanja wa ndege. Tukaona bawa la ndege, mara mia na sitini. Tukaona mkia wa ndege, umechorwa korongo mwekundu, na shemeji akatuomba tuzingatie mwanga. Tukaona kifungua kinywa cha hotelini, yai kwa yai. Picha zilikuwa elfu tano mia tatu na kumi na mbili, na ya elfu moja arobaini na saba ilikuwa ya kijivu.

"Huu ni ukungu?" akauliza mume wangu.

"Ukungu," akasema Chin-fu.

Iliyofuata nayo kijivu.

"Na huu?"

"Huko kuna baridi, wewe."

Ya tatu, ya kumi, ya hamsini. Mume wangu akamenya chungwa. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenye nyumba. Korongo pekee aliyesalimika katika safari nzima alikuwa yule wa kwenye mkia wa ndege.

Mwishowe Chin-fu akanigeukia, uso umemshuka. "Shemeji, zitoe. Wewe unajua mambo haya. Majina yote ya mafaili yapo, si unayaona?"

"Majina yapo, picha hazipo. Wala hazijafutika, shemeji, hazikuwahi kuandikwa. Ndani humu mna GB 32, basi. Wamechezea kichipu kiiambie kamera ni terabaiti mbili. Zilipojaa thelathini na mbili, kilichofuata kikawa kinamwagwa hewani."

"Lakini kila nikipiga ilikuwa inasema imehifadhi!"

"Ilikuwa inakubali tu. Kama wanafunzi wako."

Hata hivyo nilikwenda nayo dukani, nikaijaribu kwa programu zote nilizonazo, siku mbili. Nilijua hakuna kitu. Nilifanya kwa sababu alikuwa ananipigia simu kila saa, na sauti yake ilikuwa imeanza kunitia huruma, jambo ambalo sikulitarajia.

Mwanzoni mwa Machi chama kikafanya maonyesho kwenye ukumbi wa mtaa. Kila aliyesafiri alipewa nafasi ukutani. Mimi na mama tukaenda tukitarajia kuona bawa la ndege. Kumbe katikati ya ukuta wa Chin-fu pana picha moja kubwa: korongo wawili hewani, mabawa yamefunguka, theluji inashuka, shingo zimepindana. Ilikuwa nzuri mpaka nikasahau bawa la ndege. Chini yake kibao: Liao Chin-fu.

Nikakumbuka mama aliniambia, "Chin-fu kaniazima kadi yangu, eti akaisafishe, kesho yake kanirudishia."

Watu walikuwa wamejaa mbele ya picha. "Utulivu ulioje!" "Subira, mwalimu, hii ni subira!" Chin-fu ameinamisha kichwa, anapokea sifa kwa unyenyekevu mkubwa kabisa. Ndipo Mwenyekiti Hung, daktari wa meno mstaafu, mtu aliyezoea kutafuta matundu madogo, akasogeza miwani.

"Mwalimu Liao, hapa chini kushoto, hiki ni nini?"

"Jiwe."

"Lina kamba za viatu."

Mama akapenya katikati ya watu.

"Hilo ni buti lake," akasema. "Mbona nilimpiga mzima? Kajikata mwenyewe!"

Akatoa kamera nyekundu mkobani, akabonyeza bonyeza, akaipitisha kwa watu. Kwenye picha kamili, korongo wanaruka vile vile, na pembeni yao msanii wetu yuko magotini, amewapa mgongo, matako juu, kichwa kimezama kwenye begi anatafuta betri.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mimi. Mwenyekiti Hung, kwa adabu zote, akachukua kalamu ya wino mzito, akakata jina kwenye kibao, akamuuliza mama jina lake linaandikwaje.

"Kwani mtu akipiga nzuri anapewa nini?" mama akauliza.

"Makofi."

"Basi pigeni."

Wakapiga. Chin-fu naye alipiga, masikio yamewiva.

Jumatatu alikuja dukani peke yake, bila kile kizibao. Nilikuwa nimeandaa maneno wikiendi nzima, mengine makali kweli. Akaweka ile kadi nyeusi na dhahabu juu ya kaunta.

"Korongo si kitu," akasema. "Mwakani watakuwepo. Lakini siku ya nne, shemeji, mama aliteleza, akakaa chini kwenye theluji, akaanza kucheka. Alicheka mpaka meno ya bandia yakatoka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, hata baba alipokuwa hai. Nilipiga picha kama mia mbili. Nilikuwa nazitaka hizo. Nilipoona sina kitu, nikaona angalau nipate hata sifa. Upuuzi."

Maneno yangu makali nikayaweka kando. Nikatoa kadi nne za GB 64.

"Umeshazipima?"

"Nimeshazipima."

"Pima tena, nione."

Akakaa kwenye kigoda zaidi ya saa nne, akitazama namba zikipanda kwenye kompyuta yangu kana kwamba ni mpira. Jioni nilimweleza mama yote. Akafikiri kidogo, akabangua mbegu.

"Anataka kicheko na mimi bado ni mzima? Mwambie anipeleke mahali pengine niteleze tena."

Mwezi wa nne akampeleka Alishan, mlimani, kuona mawingu. Kila jioni, bila mimi kuuliza, simu inalia.

"Shemeji, nimezifungua zote mia tatu na sita. Zipo. Matundu yote mawili."

"Vizuri, shemeji."

"Nikuhesabie?"

Na kwa nyuma nasikia mama anamgombeza, "Zima simu, chakula kinapoa! Na hiyo uliyonipiga nimefumba macho, ifute!"