Jiwe Lililozikwa Mlangoni

Siku ya nne sasa Evalina hajatia kitu mdomoni, na Milembe, mkwewe, hakaliki. Anaingia, anatoka, anafunua sufuria, anaingia tena. Uji wa dona, bibi kakataa. Wa mchele, kakataa. Wa ulezi wa pakiti kaunusa tu, akageukia ukutani.

"Unanuka mashine," alisema. "Nisagieni mtama kwenye jiwe langu, nitakunywa."

Jiwe lake. Hapo ndipo penye balaa. Mwaka juzi walipojenga nyumba ya bati hapa Sapiwi, Milembe mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi aligeuze kifudifudi lile jiwe la kusagia, alizike kwenye saruji, liwe ngazi ya mlango. Nani angesaga kwa mkono, na mashine iko pale senta? Bibi akawa analikanyaga kila siku, asijue. Milembe alijua, na sasa lilimkaa rohoni.

"Tumwambie limepotea," alisema Jilala, mumewe.

"Kamwambie wewe. Ni mama yako."

Milembe hakumsubiri. Alichukua mtaimbo, akaanza kubomoa. Saruji iliruka, ngazi ikapasuka, mlango wa watu ukabaki pengo. Potelea mbali. Jiwe likatoka zima, ila limelainika kama sahani kwa miaka arobaini ya kusagiwa. Akaligongagonga kwa jiwe gumu hadi uso wake ukakwaruza tena, likaota meno, akaliosha. Jiwe dogo la juu, lile la kushika mkononi, alilichukua kwenye banda la kuku, lilikokuwa likizuia mlango. Akapiga magoti, akasaga, mgongo ukimuuma na akili ikikimbilia chumbani: je, mama bado yuko?

Alikuwepo. Uji ulipopoa, Milembe alimnywesha kijiko cha kwanza. Kitu kikasagika chini ya meno ya bibi. Akatafuna polepole.

"Umelitia meno leo?"

"Ndiyo, mayu," Milembe alimjibu mama mkwe.

"Na unga wa kwanza hukuwapa kuku."

Milembe alitamani ardhi immeze. Yeye kakulia mashineni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jiwe likishatiwa meno, unga wake wa kwanza huwa na mchanga, hautiwi chunguni. Akavuta bakuli ili akaanze upya. Mkono mkavu ukalishika bakuli.

"Acha," alisema Evalina. "Kuku watasubiri."

Akafungua kinywa.