Roshani ya Nyuma

Fundi wa mapazia alikwenda mahakamani kwa gari moja na mtu aliyemshtaki. Angefanyaje? Gari lilikuwa la dada yake, na mshtaki ni mume wa dada huyohuyo.

"Shemeji, sogeza mguu," alisema Breki, dereva wa malori aliyestaafu, chupa ya chai mapajani.

"Wakili kanikataza kuongea na wewe."

"Basi sogeza bila kuongea."

"Mkiendelea mtashuka mtembee," dada alisema, macho barabarani. "Wote wawili."

Mzozo wenyewe ulikuwa juu ya roshani. Mashemeji hao walikuwa wameunganisha nguvu wakajenga nyumba ya ghorofa: chini wapangaji, juu Breki na mkewe. Breki aliahidiwa roshani ya mbele, akae atazame malori yakipita. Lakini alipokuwa safarini, ilionekana nyaya za umeme zingepita karibu nayo kiasi cha kuanikia soksi. Fundi akaamua roshani ihamie nyuma. Kumwambia Breki? Ah, atajionea mwenyewe, atafurahi.

Akajionea. Akapanda juu, akashuka, akaenda moja kwa moja polisi kusema ametapeliwa. Hasira zilipopoa, kesi ilikuwa mikononi mwa mwendesha mashtaka, na Breki hakuwa mtu wa kurudi kinyumenyume. Fundi akashtakiwa kwa kujipatia mali kwa udanganyifu. Leo wakili wake anaomba Mahakama Kuu ifute mashtaka. Ikikataa, kesi itasikilizwa, na mwisho wake waweza kuwa jela. Usiku mzima Fundi alikuwa akiwaza cherehani zake zikifunikwa shuka.

"Mheshimiwa," wakili alisema, "hawa ni wabia waliokosana juu ya ujenzi. Udanganyifu uko wapi?"

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mlalamikaji aliahidiwa roshani, mheshimiwa. Hakuipata."

Jaji, mama mwenye miwani iliyoteremka puani, alimgeukia Breki. "Mzee, roshani haipo?"

Breki alisimama. Alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwa mmojawapo.

"Ipo, mheshimiwa. Ila iko nyuma. Inatazama kamba za nguo za jirani."

"Unaitumia?"

"Hapana." Akajikuna shingo. "Asubuhi tu, wakati wa chai."

Jaji alimtazama juu ya miwani.

"Na jioni, kukiwa na upepo." Akamtupia mkewe jicho. "Na mchana wa Jumapili. Lakini kwa shingo upande, mheshimiwa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Dada alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Fundi hakucheka, alikuwa amekishika kiti kwa mikono yote miwili.

Jaji alikwenda faraghani. Aliporudi hakuzunguka mbuyu. Nyumba imejengwa, alisema, na mlalamikaji anaishi ndani yake. Kubadilisha upande wa roshani bila kumuuliza mbia ni utovu wa adabu, pengine hata kuvunja makubaliano. Anayetaka fidia afungue madai. Sheria ya jinai si fimbo ya kuchapia mashemeji. Mashtaka yamefutwa.

Fundi alikiachia kiti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Nje, kwenye ngazi, Breki alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Ungeniambia mapema, shemeji."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Ndiyo maana sikukuambia." Akanywa funda moja. "Nilikosea, shemeji. Nisamehe."

"Mimi pia nilikimbilia polisi kama mtu aliyeibiwa mke. Hasira hasara. Kunywa, itapoa."

Jioni hiyo walikaa wote watatu kwenye roshani ya nyuma. Upepo ulikuwa mwanana. Shuka za jirani zilipepea, na Breki akawaeleza ni ipi ya nani na ipi imefuliwa vibaya, kwa uhakika wa mtu asiyekaa pale kabisa.

"Ila jua la machweo linanichoma macho," alilalamika. "Hapa panataka pazia."

Fundi alikwisha inuka, futi ya kupimia mkononi. Kitambaa cha rangi ya udongo kilichobaki karakana kingekaa vizuri sana. Alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia.

"Shemeji," alisema, "unapenda rangi gani?"