Jina la Binti Kwenye Programu

"Umemwibia mwanangu kazi yake, jirani, usinizungushe!" mama wa nyumba ya pili alifoka mlangoni kwa mwalimu, bintiye nyuma yake.

Mwalimu alichemka. Amejitolea kuwafundisha wanafunzi, binti huyu akiwemo, kuchangia kuandika programu ya kompyuta ya kukadiria mvua, ambayo yeyote duniani anaweza kuisoma na kuiboresha, leo aitwe mwizi? "Hesabu zake zilikosea, nikaziandika upya!"

"Shangazi, uliandika upya hata zilizokuwa sawa," binti alisema. "Jina langu halimo tena."

Mwalimu akafungua kompyuta ili awaumbue. Kila mstari wa hesabu zile ulionyesha jina la aliyeuandika, na lilikuwa lake yeye mwalimu. Hasira ikamgeukia kama mbwa asiyemjua bwana wake.

"Nafuta maandishi yangu, narudisha yako," alimwambia binti. "Makosa utayasahihisha mwenyewe."

"Leo hii!" mama akadakia.

"Leo hii! Na wewe usinipigie kelele mlangoni, mtaa mzima unashiba umbea wa bure. Ingieni, chakula kimeiva."