Wageni wa Blogu ya Viraka

Jumamosi, saa kumi alasiri, karani wa mapokezi wa kliniki ya meno alikuwa sebuleni kwa mama yake akigeuza kola ya shati. Kola ikilika upande mmoja unaifumua, unaigeuza na kuishona upya, na shati linapata miaka mingine mitatu. Asubuhi alikuwa ameyaeleza hayo kwenye blogu yake, kwa picha sita, na watu kumi na wawili walikuwa wamesoma. Simu ikalia. Mtu mmoja ameandika: "Huna kazi ya kufanya? Nunua shati jipya."

Karani alipoinua macho, mwenye maneno hayo alikuwa amekaa kwenye kochi, kifua wazi, taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni.

"Karibu, baba," mama mtu alisema kutoka mlango wa jikoni. "Sogea kidogo, hapo kuna sindano."

Mgeni akasogea. Kisha akajaribu kuinuka, kochi likamkatalia. Karani akampa simu.

"Soma ulichoandika. Kwa sauti, halafu uende."

Hakuna aliyemwambia kwamba dawa yake ni hiyo. Aliona tu kuwa ni haki. Yule bwana alisoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alipofika kwenye "shati jipya" aliitazama ile kola, akauliza uzi ule ni namba ngapi, na hapo kochi likabaki tupu, limelowa kidogo.

Karani alikuwa ameanza blogu mwaka uliopita, aliporudi nyumbani kutoka kwenye ndoa na masanduku mawili ya nguo zilizochakaa. Alitaka kitu ambacho akikishika kinatengenezeka.

Tangu siku ile wageni hawakukoma. Alikuja mwalimu aliyeandika kwamba mishono yake imekaa kama nyayo za kuku. Akaja binti mwenye nywele zilizosukwa nusu. Wawili waliokuwa wakitukanana chini ya makala ya soksi walifika pamoja, wakabanana kochini kimya kama wakwe. Karibu wote waliposoma walinong'ona, maana maneno yaliyotoka kirahisi vidoleni yalikwama kooni. Mama alianza kuweka jagi la maji mezani. Fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki aliuliza kama foleni ile ni ya kinyozi.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, yakaingia maoni ya mtu aliyejiita Mpenda Ukweli: "Mwanamke kaachika, sasa anatuanikia matambara yake hadharani. Ndugu zake wana kazi."

Kwenye kochi alikuwa kaka yake mkubwa, viatu vimeng'arishwa, glasi ya juisi mkononi.

"Umekula?" mama alimuuliza.

"Nimekula, mama."

Karani alimpa simu. "Soma, kaka."

Kaka akasoma. Hakunong'ona. Alisoma kama anayesoma matangazo, akitua penye nukta, na kwenye "kaachika" akapandisha sauti kidogo. Karani alingoja yamkwame, hata neno moja. Halikukwama hata moja. Kochi likamwachia, kwa kuwa sharti lilikuwa kusoma, aibu haikuwemo.

"Kaka yako anakutakia mema," mama alisema.

"Basi angeyasema mezani."

"Ningeyasema mezani ungelia," kaka akasema. "Tunakujua."

"Kulia nimeacha. Siku hizi nashona."

Kaka alisimama. "Ifute hiyo blogu. Watu wananiuliza kazini."

"Waambie waingie wasome. Anwani unayo."

Mfuko wa shati lake ulikuwa umechanika pembeni, unaning'inia. Karani aliuona, na kaka akaona kwamba umeonwa.

"Ukitaka nikushonee, omba," karani akasema.

Hakuomba. Aliweka glasi mezani, akatoweka kama walivyotoweka wenzake.

Mama aliichukua ile glasi. "Si uache tu, mwanangu, tuwe na amani?"

"Amani ya nani, mama?"

Mama alirudi jikoni akapunguza moto chini ya sufuria.

Kabla jua halijazama karani alikuwa ameandika makala mpya, picha tisa. Juu kabisa aliyaweka maneno ya Mpenda Ukweli yote, bila kuondoa hata herufi, na chini yake akaanza: "Mfuko ukichanika, usivute uzi." Akachapisha. Walisoma watu mia mbili na nne.

Kaka alirudi Jumanne, akarudi Alhamisi, kila mara kwa maoni mapya. Hajabadilika: husoma waziwazi mpaka mwisho, na mama humuuliza kama amekula. Lakini karani hampi simu akishafika tu.

"Subiri nimalize mstari," humwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

Mistari yake siku hizi ni mirefu. Kaka hukaa hapo, magoti pamoja, akisubiri.