Lugha Isiyo na Bibi

Mume wangu Obed ni dereva wa watalii, na kama madereva wengi wa Karatu, anajua kusema "karibu" kwa lugha kumi na moja na "samahani" kwa lugha sifuri. Kwa hiyo Jumanne, meseji ya Mwalimu Fabian ilipomkuta getini Ngorongoro akisubiri wageni wake watoke chooni, hakuniuliza chochote. Aliona suala la lugha ni taaluma yake.

Meseji ilisema: "Mzazi, Winnie amepata nafasi klabu ya kompyuta. Jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi atapewa mtoto mwingine. Umemchagulia lugha gani ya kwanza?"

Mtu mwenye akili angempigia mwalimu. Obed alimpigia mama yake, aliyeko Machame, Kilimanjaro.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana suala hilo tulilizika miaka tisa iliyopita. Winnie alipozaliwa, mama mkwe wangu alisema mtoto ni wa ukoo wao, ataongea Kimachame. Mama yangu, wa Daa, hapa hapa Karatu, akasema mtoto amezaliwa kwenye ardhi ya Wairaqw, tena na Mwiraqw, ataongea Kiiraqw. Waligombana juu ya kitanda changu kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Tukaamua aongee Kiswahili, kwa kuwa hakikuwa cha yeyote kati yao, na tangu siku hiyo wanasalimiana kwa kutikisa kichwa.

Obed aliporudi na kunieleza kwamba mama yake anakuja kusaidia kuchagua, nilipandwa na hasira. Na mimi, badala ya kuisoma hiyo meseji vizuri, nikampigia mama yangu. Sijivunii.

Alhamisi Bibi Machame akashuka kwenye basi na mkungu wa ndizi. Bibi Daa akafika na jogoo. Winnie akawasalimia wote kwa zamu, akaenda nyuma ya nyumba na kompyuta yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa kipande cha boksi alichokiandika herufi kwa mkaa. Miezi miwili alikuwa akikibonyeza kila akitoka shule, akijifundisha mahali ilipo kila herufi, na vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeusi. Nilipoviona moyo uliniuma. Kisha nikasikia sauti zimepanda sebuleni, nikakimbilia huko.

"Kompyuta ni mali," Bibi Machame alikuwa akisema. "Umeshaona wapi mali isiyosikia Kichaga?"

"Hiyo kompyuta iko Karatu, mkwe," Bibi Daa akajibu. "Hicho Kimachame itakuwa imekisikia wapi? Mtoto aanze na Kiiraqw. Kina sauti za kooni. Aliyeziweza hizo, mashine haimshindi."

"Mimi naona Kihispania," akasema Obed. "Msimu huu Wahispania ni wengi sana."

Mama yake akamwambia anyamaze. Mama yangu akamwambia akafunge jogoo.

Ijumaa saa tisa na nusu bado walikuwa wanabishana, na jogoo alikuwa amekata kamba na kupanda juu ya mkungu wa ndizi, tulipogundua kwamba Winnie hayupo. Tukatoka mbio kwenda shuleni, mimi mbele, Obed katikati, mabibi nyuma, kila mmoja akituhimiza kwa lugha yake.

Tulimkuta kwenye chumba cha kompyuta, amekaa mbele ya mashine ya kweli, boksi lake kalipakata mapajani.

"Afadhali mmekuja," akasema Mwalimu Fabian. "Sijapata jibu lenu, na zimebaki dakika kumi."

"Mwalimu, tumegawanyika," Obed akamweleza, akihema. "Kuna Kimachame, kuna Kiiraqw, na kuna Kihispania."

Mwalimu akamwomba simu. Akabonyeza palipoandikwa "Soma zaidi," na ile meseji ikatoa mkia: "Kuna Scratch, Java na Python. Hizi ni lugha za kuiamuru kompyuta. Mwulize mtoto anapenda ipi."

Obed akageuka kuangalia picha ya utumbo mpana iliyobandikwa ukutani, akaisoma kwa makini sana.

"Wewe unataka ipi?" nikamwuliza Winnie. Ilikuwa siku ya nne, na ndiyo kwanza mtu anamwuliza.

"Python."

"Ya kabila gani hiyo?" akauliza Bibi Machame.

"Haina kabila," akasema Winnie. "Haina hata bibi. Ndiyo maana nimeichagua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi Machame akajifunga upya kitenge chake, ingawa kilikuwa hakijalegea. Bibi Daa akaisogelea mashine.

"Lugha isiyo na bibi," akasema kwa huzuni ya kweli. "Masikini. Sasa nani aliifunza adabu?"

"Nitaifunza mimi."

Winnie akatazama amri ambayo mwalimu alikuwa ameiandika ubaoni, na vile vidole vyeusi vikaenda kwenye herufi moja kwa moja, bila kutafuta. Kioo kikaandika: Shikamoo.

"Marahaba," akaitika Bibi Machame.

"Imenisalimia mimi," akasema Bibi Daa.

"Wewe? Mkubwa hapa ni nani?"

"Iko Karatu, mkwe! Itaanzaje na mgeni?"

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Winnie akashusha pumzi, akarudi kwenye ile amri, akabonyeza tena. Kioo kikaandika: Shikamooni.

"Marahaba!" wakaitika wote wawili kwa pamoja, halafu wakatazamana. Bibi Daa akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika mwenzake bega asianguke, na mwenzake akamwacha amshike.

Obed akaniomba kalamu asaini fomu ya klabu. Nilichelewa kumpa kwa sababu nilikuwa nafuta machozi. Miaka tisa mimi naye tulitafuta maneno ya kuwapatanisha wale wanawake, kumbe zilikuwa zimepungua herufi mbili tu.